Tiketi Mbili za Makumbusho

Tarehe 11 Januari

Wifi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na huo mgongo umeanza kukuonea huruma. Sisi huku hatujambo. Binti yetu kajifungua salama wiki mbili zilizopita, mtoto wa kike. Usiniulize kafanana na nani, maana kila anayeingia ana jibu lake. Mimi kisogo naona ni cha mdogo wako, kile kile kilichobonyea kama sufuria iliyoanguka. Umekuwa bibi, kubali usikubali.

Kazini ni yale yale. Bado nimekaa kwenye mashine ya kushona madaftari: kurasa tisini na sita, pini mbili, sukuma, kurasa tisini na sita, pini mbili, sukuma. Pembeni yangu Bi Gundi anabandika majalada na kunipa habari za watu nisiowajua. Mwezi uliopita akaja meneja mpya, akafungua mafaili, akakuta kwamba katika miaka kumi na tisa sijawahi kwenda likizo. Akaniita ofisini. Nikajua basi, nimefukuzwa. Kumbe ananifukuzia mapumziko. "Mama, Aprili sitaki kukuona hapa wiki tatu nzima."

Nikarudi nyumbani nikakaa kitandani nikajiuliza, wiki tatu za kukaa na nani? Tangu tumzike mdogo wako, Fundi wangu, mwezi wa tano, nyumba hii imekuwa kubwa kuliko ilivyojengwa. Bado napika cha watu wawili. Leo nala, kesho nala cha jana, mkono haujajifunza.

Unakumbuka alivyokuwa akiniahidi? "Siku moja nitakupeleka mjini ukatembee tu. Si msiba, si harusi, kutembea." Yeye alizunguka kila ghala na kila kiwanda na sanduku lake la mawe ya kupimia, anatengeneza mizani za watu, na mimi hata mto wa jirani sijauvuka. Sasa nimeamua nijipeleke mwenyewe. Nipokee Aprili.

Niandikie, mtu akija mjini mara ya kwanza anaona nini, anaanzia wapi? Viatu gani nivae? Na makumbusho, je, yako mbali na kwako?

Ni mimi wifi yako.


Tarehe 2 Februari

Wifi yangu,

Marahaba, marahaba mara tatu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba begani. Hongereni kwa mtoto. Mwambie mama yake shangazi yake anacheka peke yake kama mwehu.

Mimi mzima, mgongo tu. Bado nachonga meno ya bandia ya watu. Juzi kwenye foleni ya mkate bwana mmoja kanichekea, nikamtazama vizuri, nikakuta yale manne ya mbele ni kazi yangu. Nilitaka kumwuliza, "Hayajambo?" Daktari ndiye anayewavalisha, mimi niko chumba cha nyuma na nta na jasi, hawanioni. Mji huu umejaa watu wanaocheka kwa mikono yangu, na siku nzima inaweza kupita sijasema neno ila "samahani" kwenye ngazi.

Kwa hiyo njoo. Wala usiulize mara mbili.

Nimeshapanga. Siku ya kwanza unalala, safari ya basi ni ndefu. Siku ya pili tunapanda lile jengo refu kuliko yote. Lifti inakupeleka mpaka ghorofa ya thelathini na moja, tumbo linabaki chini linakufuata baadaye, na juu kuna ukumbi wa vioo unauona mji wote umelala kama mkeka. Siku ya tatu bustani, kuna nyumba ya vioo ya miti ya nchi za joto kali, ukiingia miwani inafunga ukungu. Siku ya nne kivuko, tunakwenda ng'ambo na kurudi bila haja yoyote ya kwenda. Siku ya tano nyumba ya samaki. Siku ya sita madukani, kutazama tu. Kutazama hakuna mwenyewe.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, dirisha linatazama barabara na kituo cha basi. Nimepima, godoro lako litaenea chini ya dirisha nikihamisha meza. Nimeihamisha. Nikaona vibaya, nikairudisha. Nimeihamisha tena. Mgeni wa mwisho kulala humu aliondoka zamani kidogo, na tangu hapo godoro la pili nimelisimamisha nyuma ya mlango.

Viatu chukua vya chini, visivyo na makeke. Unapenda pazia la rangi gani? Hili langu limechoka.

Wifi yako anayekungoja.


Tarehe 15 Februari

Wifi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto anakua, usiku kwake ni mchana, mama yake kabaki macho tu.

Kiwandani safari yangu imekuwa mali ya umma. Bi Gundi, ambaye hajafika mjini hata kwa ndoto, ananipa mafunzo kila siku: mkoba ushike mbele kwa mikono miwili, usitazame juu kwenye majengo, watajua wewe mgeni, mtu akikuuliza saa, mwambie huna. Nikamwambia nitakuwa natembea kama mtu aliyebeba mayai. "Ndivyo hasa," akasema.

Viatu nimepata. Nimeanza kuvivaa ndani ili vipate adabu kabla ya safari. Jioni nazunguka meza navyo. Ukiniona utadhani nimepewa adhabu. Pazia chagua wewe, mimi rangi yoyote ila ya bluu. Bluu ya majalada imenitosha.

Mpango wako nimeusoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Siku sita, na makumbusho hukuyataja. Labda ulisahau, au kalamu iliruka. Niandikie habari zake, kuna nini ndani, na watu huenda na nani.

Halafu wifi, nilitaka kukuuliza. Fundi katika safari zake alipita kwako mara ngapi? Mimi aliniambia mji huo haumo kwenye ratiba yake. Nauliza tu.

Wifi yako.


Tarehe 9 Machi

Wifi yangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, kazi ilijaa, halafu mgongo ukanilaza siku mbili. Mtoto hajambo? Mama yake ajitahidi kulala mtoto anapolala, ndiyo dawa pekee.

Pazia nimenunua, la njano. Godoro nimelianika juani siku nzima, nikaligeuza na upande wa pili. Nimekununulia na kandambili za ndani.

Makumbusho nasikia wanakarabati. Usihangaike nayo, ni mifupa na vyungu vilivyovunjika, hata kwetu vipo. Bora nyumba ya samaki. Kuna kasa mmoja pale ana sura ya mtu aliyekatazwa kusema.

Habari za mdogo wangu, ah, alikuwa mtu wa safari, nani angemhesabia? Mungu amlaze pema.

Niandikie utafika tarehe ngapi na basi gani, nije kukupokea.

Wifi yako.


Tarehe 17 Machi

Wifi,

Leo sikuamkii. Utanisamehe, mkono umekataa kuandika neno lile.

Nimekaa na jambo moja muda mrefu, nikitaka kulileta mpaka kwako nikuulize uso kwa uso. Lakini barua yako imenionyesha kwamba hata nikija utanipeleka kwa kasa.

Ninazo tiketi mbili za makumbusho ya huko kwenu. Nilizikuta kwenye mfuko wa ndani wa koti la Fundi, lile la kijivu la safari. Zote mbili zimechanwa pembe, kwa hiyo waliingia. Tarehe ni 14 Agosti, mwaka juzi. Siku hiyo mimi niliambiwa yuko kwenye kiwanda cha sukari, mizani ya malori imegoma, hatarudi mpaka wiki ijayo. Na akarudi na sukari, wifi. Kilo mbili, za kunionyesha.

Tiketi mbili. Mtu hamlipii kivuli chake kiingilio.

Nilikuuliza makumbusho mara ya kwanza ukanyamaza. Nikakuuliza ya pili ukasema yanakarabatiwa. Shemeji yake Bi Gundi ni mwalimu, mwezi uliopita kapeleka wanafunzi wake hapo hapo, wameingia mlango mkubwa, hawakuona fundi wala ndoo ya rangi. Kwa hiyo unajua kitu. Mdogo wako alikuwa na mtu huko, na wewe unamjua.

Sikulaumu kwa kumficha. Damu ni nzito, na yeye ni wa tumbo moja nawe. Lakini mimi niliishi naye miaka ishirini na saba. Nilimwosha miguu siku nane za mwisho. Nastahili kujua niliyekuwa nagawana naye.

Simtaki kwa ugomvi. Nataka nimwone tu. Nimwone anavyokaa, anavyoshika kikombe. Niambie anakaa wapi, na mengine yote ya ghorofa na vivuko niachie.

Mke wa mdogo wako.


Tarehe 24 Machi

Wifi yangu,

Marahaba, hata kama hukunipa.

Huyo mwanamke ni mimi.

Tiketi ya pili ilikuwa yangu. Sikuwa na haki ya kukuficha, na sasa nitakwambia yote bila kuruka, maana nimechoka kuruka.

Mdogo wangu alikuja kwangu mara nne. Mara ya kwanza Juni ya mwaka juzi. Alifika na lile sanduku la mawe, nikadhani kazi imemleta. Akaliweka chini, akakaa juu yake, akasema, "Dada, kuna uvimbe tumboni. Daktari wa kule kaniandikia nije hospitali kubwa." Alilala kwenye godoro lile, chini ya dirisha. Nilimpeleka mimi, nikakaa naye kwenye mabenchi. Mara ya pili ndiyo hiyo ya Agosti. Mara ya tatu Desemba. Ya mwisho Machi, wakati wamekwisha kumwambia hakuna la kukata wala la kuchoma.

Nilimwambia, "Mkeo anajua?" Akasema hajui na hatajua. Tuligombana, wifi, kama tulivyokuwa tukigombana utotoni, mpaka wa chini wakagonga dari. Nikamwambia unamdhulumu. Akanijibu hivi, na maneno haya sijayaongeza chumvi: "Akijua, ataacha kazi atakaa kunitazama. Kila nikimeza atanihesabia matonge. Nataka duniani abaki mtu mmoja anayenitazama bila kunihurumia. Nyumbani nataka nibaki mume. Ugonjwa nitauacha kwako, dada, kama mzigo wa kuhifadhi."

Akaniapisha. Nikaapa. Mimi sina mume wala mtoto, yeye ndiye aliyebaki kwetu, ningemkatalia nini?

Ile Agosti walimpima asubuhi, wakasema majibu kesho kutwa. Kukaa chumbani ikamshinda. Akasema, "Twende tutembee." Tukaenda juu ya lile jengo, tukaenda bustanini, tukapanda kivuko. Ule mpango wa siku sita niliokuandikia haukuwa wangu. Ni wake. Alikuwa anatembea kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga. "Hapa atapenda. Hapa atachoka, kuna ngazi nyingi. Hapa tukae, ataniambia viatu vinambana." Alikuwa anakutafutia wewe njia.

Makumbusho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, asubuhi kabla ya majibu. Kuna chumba cha mizani za kale. Hapo alisahau kila kitu. Aliniambia hii ya kupimia dhahabu, hii ya pamba, hii ya mtoto mchanga. Halafu akaikuta moja imelala upande, akamwita mlinzi. "Mzee, mizani hii inasema uongo." Mlinzi akamjibu, "Haijapima kitu miaka mia moja, inamdanganya nani?" Mdogo wangu akacheka mpaka akashika tumbo, halafu hakucheka tena, maana ndipo palipokuwa panauma. Mchana wakatupa majibu.

Sikuyataja makumbusho kwa sababu siwezi kuingia tena mle. Nilijua tukifika pale ningesema.

Sukari alinunua duka la chini hapa. Nilimshikia mfuko mimi.

Njoo, wifi. Njoo unitukane ukiwa umekaa.

Dada wa mumeo.


Tarehe 5 Mei

Wifi yangu,

Naandika tena ingawa sijapata jibu. Labda barua ilipotea. Posta nayo ina mambo yake.

Aprili imekwisha. Sikuandikii kukudai neno. Nataka tu ujue kwamba mwezi huu unatimia mwaka, na siku ile sitakwenda kazini, nitakaa nyumbani nimkumbuke. Najua na wewe utakuwa umekaa. Basi tutakuwa tumekaa.

Mtoto mpe busu. Pazia nimelitundika.

Wifi yako.


Tarehe 2 Juni

Wifi,

Shikamoo.

Barua yako ya Machi haikupotea. Niliisoma kiwandani wakati wa chai, nikarudi kwenye mashine, nikashona madaftari mia mbili kwa nyuma mbele. Bi Gundi ndiye aliyeona. Hakuuliza. Mara ya kwanza katika maisha yake hakuuliza.

Nilikuja, wifi. Nilikuja Aprili na sikukwambia.

Nilishuka stesheni kuu Jumanne tarehe 21, nikapanga chumba nyumba ya wageni upande wa pili wa barabara. Kina kitanda, ndoano moja ya nguo, na bomba linalonong'ona mchana kutwa. Mhudumu akaniuliza, "Mama umekuja kwa kazi au kwa matibabu?" Nikasema nimekuja kutembea. Akanitazama akasema, "Peke yako?" Neno hilo nililisikia siku nne.

Jumatano nilipanda jengo lako refu. Kweli tumbo lilibaki chini. Kule juu walikuwepo bwana na bibi, vijana, wakanipa kamera niwapige picha. Nikawapiga, nadhani nimewakata vichwa. Bwana akasema, "Na wewe mama, tukupige na nani?" Nikamwambia mwenzangu yuko chini anapumzika.

Alhamisi nilikwenda makumbusho. Nilizichukua zile tiketi, nikazishika mkononi kama vile zingeniingiza tena. Mifupa uliyoitaja nimeiona, ni ya nyangumi, anatisha na anahuzunisha. Nikauliza chumba cha mizani. Kimefungwa. Safari hii kweli wanapaka rangi. Nilimsihi mlinzi, nikamwambia mume wangu alikuwa fundi mizani. Akafungua mlango nusu, nikachungulia. Kila kitu kimefunikwa shuka nyeupe. Mizani zote ziko chini ya shuka, na mimi nimesimama pale sijui ipi ni ipi, ipi ilisema uongo, ipi alicheka nayo. Mlinzi akaniambia nirudi mwezi ujao. Nikamshukuru. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wakafunga.

Ijumaa nilikwenda bustanini. Mvua ilinyesha, nikaingia nyumba ya vioo. Unasema kweli, miwani inafunga ukungu. Ilinifaa, hakuna aliyeniona uso.

Jumamosi nilikuja mtaani kwako. Nilisimama kituo cha basi, ng'ambo. Nikaliona pazia la njano ghorofa ya tatu. Mabasi matatu yalipita. Kisha nikapanda la nne, nikarudi kuchukua mfuko wangu, nikasafiri.

Sasa nikwambie kwa nini sikupanda ngazi, maana nilikuandikia nusu ya jambo. Nilikwambia tiketi nilizikuta. Sikukwambia lini. Ulidhani baada ya mazishi, nilipokuwa napanga nguo zake. Sivyo. Nilizikuta mwezi wa kumi, mwaka juzi. Fundi yuko hai, yuko ukumbini anasikiliza redio, mimi niko uani nafua koti.

Sikumwuliza. Ningemwuliza siku ile ile tungekuwa tumemaliza. Nilimnunia. Miezi saba, wifi. Nilihamia chumba cha binti, nikasema anakoroma. Chakula nilikuwa namwekea mezani naondoka, kama askari na mfungwa wake. Ananiambia, "Mke wangu, kuna nini?" Namwambia hakuna. Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu, na mimi nasema moyoni, konda, dhamiri inakula. Alipoanguka, zile siku nane, nilimwosha na kumlisha, lakini hata hapo neno tamu sikumpa. Nilikuwa nangoja akiri. Alikufa nikingoja akiri.

Halafu wewe unaniandikia kwamba alitaka abaki mtu mmoja wa kumtazama bila huruma. Alimpata, wifi. Alimpata mpaka akazidiwa.

Ndiyo maana sikupanda. Sikuwa nimekuja kukutukana. Sikujua nitakaaje mbele yako na uso huu. Ungeniambia wewe, au ningeuliza mimi, neno moja tu lingetosha, na kila mmoja wetu alilimeza.

Sina zaidi.

Wifi yako.


Tarehe 12 Juni

Wifi yangu,

Marahaba, mpenzi.

Nilikuona.

Ilikuwa saa kumi alasiri, nimetoka kazini nusu siku, nimebandika chai. Nikasogeza pazia. Sikuutambua uso, umbali ule na macho yangu haya. Nilitambua mkoba. Mwanamke kausimamisha mbele ya tumbo kaushika kwa mikono miwili kama aliyebeba mayai. Nikasema huyo ni yeye.

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo la dirisha. Sikuita. Nilijiambia nikimwita atapanda, maana ana adabu, hawezi kuitwa na mkubwa akakataa. Atakaa, atakunywa chai, atasema asante, na hatakuwa amenisamehe. Nikasema asije kwa adabu, aje kwa moyo wake. Basi la kwanza likapita nikafurahi hukupanda. La pili vilevile. La tatu nikatoka mbio mpaka mlangoni, nikasimama, mkono kwenye kitasa. Niliporudi dirishani hukuwepo. Chai ilikuwa imekauka, birika limeungua. Na mwezi wa tano nikakuandikia habari za pazia kana kwamba sikuona kitu. Nilikuwa na haya.

Sasa nikwambie jambo la mdogo wangu ambalo sikuliandika, kwa kuwa sikujua lina maana gani. Safari ya mwisho, Machi, alikaa hapo kitandani ananyoa ndevu na kioo changu kidogo, akasema, "Mke wangu kaninunia, dada. Sijui kosa langu. Kahama chumba." Nikamwambia, mwambie basi ukweli, atakusamehe hilo kosa na mengine yote. Akanitazama kwenye kioo, akacheka kidogo. "Ataacha kuninunia. Wewe umeona nani ananuniwa akiwa mgonjwa? Mgonjwa hanuniwi. Akininunia najua machoni pake bado mimi ni mwanamume mzima mwenye makosa yake." Halafu akasema, "Ila chumba kile kina baridi peke yangu."

Nimekuandikia yote mawili, la kukufariji na la kukuuma, kwa sababu yalitoka kinywa kimoja na nimeapa sichagui tena.

Sijui kuandika zaidi ya hapa.

Dada wa mumeo, wifi yako.


Tarehe 1 Julai

Wifi,

Shikamoo. Mtoto kaota jino la kwanza, la chini. Hilo halikuchongwa na wewe na linauma kuliko yako yote, muulize mama yake habari za bega lake.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Nikaifunga. Ile ya "chumba kina baridi" nimelala nayo siku nyingi na nitalala nayo zaidi, hilo ni langu, usinisaidie. Lakini ile nyingine, ya mgonjwa hanuniwi, nimemsomea Bi Gundi, na Bi Gundi kalia kwenye gundi, majalada ishirini yameharibika.

Juzi nimerudi kulala chumba chetu. Nimefungua dirisha. Hakuna lililotokea.

Sasa sikiliza, wewe ni mkubwa wangu lakini leo nasema mimi. Ulipaswa kuita. Nilisimama pale mabasi matatu, unadhani nilikuwa nasubiri usafiri? Nilikuwa nangoja mtu afungue dirisha aseme "Wifi!" kwa sauti mbaya ya aibu, mtaa mzima usikie. Ningepanda ngazi zile mbili mbili. Adabu iko wapi hapo? Mimi, wewe na mdogo wako, sote mikono ilikuwa kwenye makomeo.

Likizo sikuimaliza. Nilitumia wiki mbili, na meneja kasema hiyo moja nisimrudishie. Nimeomba Agosti. Mpango wa siku sita utuongoze, ila makumbusho tuyaweke mwisho, na kama kile chumba bado kimefungwa tutakaa kwenye benchi la nje, linatosha wawili.

Nitafika Jumamosi tarehe 8, basi la saa nne asubuhi. Sitashuka stesheni. Nitakuja mpaka kituo cha hapo kwako, ng'ambo ya barabara.

Usinichungulie. Shuka.

Wifi yako.